Kabla ya Kuchora, Tembea: Mwongozo Kamili wa Kusanifu Jengo la Umma Kijijini Magharibi mwa Kenya

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano katika ukumbi mmoja wa kata ambao nilikuwa nimesaidia kuuchora nikiwa bado mwanagenzi. Ilipofika saa nane mchana, jua lilikuwa limeanza kuingia kwa madirisha ya magharibi hadi viti vya karibu na ukuta. Mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinuka bila kusema neno, akabeba benchi lake hadi chini ya mwembe uliokuwa nje. Wengine wakamfuata. Kufikia saa tisa mwenyekiti alikuwa anahutubia akiwa amesimama mlangoni, na ukumbi wote nyuma yake ni mtupu.

Ramani ile haikuchorewa mahali pale. Ilitolewa kwenye kabati la ofisi, ikabadilishwa jina la kata, ikapigwa muhuri. Hakuna kati yetu aliyekuwa amekanyaga kiwanja kile mchana wa jua kali. Mwembe ulikuwa ndani ya kiwanja, na hata kwenye ramani haukuonyeshwa.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu mwingine: kiwanja kwanza, kalamu baadaye. Nauandika hapa kwa kamati za miradi, walimu, machifu, mafundi na vijana wanaosomea usanifu wa majengo. Mfano nitakaoutumia ni maktaba ya kijiji yenye ukumbi wa watu 120 na paa la mita za mraba 300, kwenye mteremko wa mawe kati ya Maseno na Seme, ziwa likionekana kwa mbali upande wa kusini. Kama kwenu ni Kano, Homa Bay, Kakamega au Kisii, nitakuonyesha pa kubadilisha. Kipimo cha kazi yote ni kimoja: saa nane mchana, ndani ya jengo kusiwe na joto kuliko chini ya mwembe.

Hatua ya 1: Kaa na kiwanja mpaka kikuzoee

Nenda mara nne angalau: alfajiri, saa sita na nusu, saa tisa alasiri, na mara moja mvua ikinyesha. Hiyo ya mwisho watu huikwepa, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Vaa buti, beba mwavuli, fuata maji uone yanatoka wapi na yanaelekea wapi.

Chomeka kijiti cha mita moja mahali tambarare, uweke alama ya ncha ya kivuli kila saa. Mahali pengine simamisha fito ndefu yenye utepe wa kitambaa chepesi kileleni ili uone upepo unakotoka. Kwenye nchi zinazozunguka ziwa, mchana upepo huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Milima na mabonde huupinda, kwa hiyo uamini utepe wako kuliko maelezo ya jumla.

Kisha chora kwa mkono kila kitu kilichopo: miti na upana wa vivuli vyake, majabali, njia za miguu, mahali ng'ombe hupita, chemchemi, makaburi. Njia ya miguu ni ya kuheshimiwa. Wanakijiji wameipima kwa miaka mingi, na ukiizibia kwa ukuta watatoboa ua.

Sasa waendee wazee. Nakumbuka nikiwa Bunyore na mzee mmoja, nimemwonyesha kwa fahari pale nilipotaka kuweka lango. Akatazama chini, akasukuma majani kwa ncha ya bakora yake.

"Mwanangu, hapa maji hupita."

"Lakini baba, sioni mfereji."

"Ngoja Aprili."

Nilifukua kwa jembe nikakuta tabaka la mchanga mwembamba uliochujika, ule unaoachwa na maji yanayokwenda kasi. Lango likahamishwa mita kumi na tano. Bunyore ni nchi ya watu wanaojua mvua: ukoo wa Nganyi umesifika kwa utabiri wa mvua kwa vizazi, na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya wamekaa nao chini kulinganisha dalili zao na za vyombo. Ikiwa idara ya serikali imeona faida kuuliza, mchora ramani hana sababu ya kunyamaza.

Aliye karibu na ziwa au mto aulize swali moja zaidi: maji yalifika wapi mwaka wa mvua za uhuru? Mvua za 1961 na miaka iliyofuata zilipandisha Ziwa Victoria zaidi ya mita mbili, na kilele kikafika 1964. Watu walidhani ni habari za kale. Mwezi Mei 2020 ziwa likarudi kwenye kimo kile kile, na majengo mengi ya ufuoni yakaingia maji. Tafuta alama ya 1964 au ya 2020, kisha panda juu yake kwa nafasi ya kutosha. Usijenge chini ya alama hiyo hata ukipewa ardhi bure.

Hatua ya 2: Hakikisha ardhi ni ya umma, kwa karatasi

Hii ni fupi lakini imeua miradi mingi. Ahadi ya mdomo ya familia iliyojitolea kipande haitoshi, kwa sababu mtoaji akifariki, watoto huja na madai yao. Pata hati au barua ya ardhi ya umma, mwite mpima ardhi, weka mawe ya mpaka mashahidi wakiwapo. Mikutano ya wananchi iandikwe na iwe na orodha ya waliohudhuria. Katiba ya 2010 inataka ushirikishwaji wa umma, na kumbukumbu hizo zitakukinga siku mtu atakaposema hakuulizwa.

Hatua ya 3: Soma boma kabla ya kuchora vyumba

Wengi wakisikia jengo lililochota umbo kutoka mazingira yake hufikiria jengo lenye sura ya samaki, chungu au nyungo. Sura ya namna hiyo humfurahisha anayepita barabarani, lakini aliye ndani hapati kivuli wala upepo kutoka kwake. Kilicho cha kuchota ni mpangilio: jinsi watu wa hapa wanavyofika, wanavyosalimiana, wanavyokaa.

Tazama boma la Kijaluo. Unaingia kwa lango, unaonekana kutoka nyumba kubwa ya mke wa kwanza inayolielekea lango hilo, na kati yenu kuna uwanja. Nyumba za wana ziko upande wa lango. Kabla hujafika mlangoni umeshatambuliwa na kukaribishwa. Kwa majirani zao Waluhya pia uwanja uliofagiwa ndio sebule ya kwanza, na mikutano mizito tangu zamani ilifanyika chini ya mti.

Kwa hiyo maktaba yetu ina mambo manne kwa utaratibu huu: lango, uwanja wenye mti, baraza pana, kisha mlango. Baraza iwe na upana wa mita mbili na nusu au zaidi, na benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta. Ofisi ya mtunza maktaba iwe na dirisha linalotazama lango, ili mgeni asitangetange. Ukumbi ufunguke kwa milango mipana kuelekea uwanjani. Siku ya mkutano mkubwa watu 120 wakiwa ndani, wengine 200 wanaweza kukaa nje wakasikia na kuona, bila kujenga hata mita moja ya ziada.

Mti uliopo usikatwe. Pima kivuli chake, weka jengo nje ya mizizi mikubwa, na kama ni mkuyu au mti wowote wenye heshima ya ibada, uliza kwanza.

Majabali nayo yana wenyewe. Kule Seme, Kit Mikayi ni rundo la mawe marefu ambako watu huenda kusali hadi leo, na jina lake ni jiwe la mke wa kwanza. Kwenye viwanja vya Maragoli, Bunyore na Seme utakuta majabali yasiyojulikana nje ya kijiji lakini yenye majina. Usianze na baruti. Kwenye mfano wetu jabali moja lenye urefu wa mtu na nusu lilikuwa katikati ya kiwanja, na kamati ilitaka lipasuliwe kokoto. Tulilizungushia jengo: upande mmoja maktaba, upande wa pili ukumbi, na jabali likabaki kwenye ua mdogo wa kati. Watoto huliegemea wakisoma, kwa sababu asubuhi jiwe bado lina ubaridi wa usiku.

Hatua ya 4: Jua na upepo

Hapa ndipo ukumbi wetu wa kwanza ulipoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mstari wa ikweta unapita Maseno. Maana yake ni kwamba karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua hupita juu ya utosi. Mwezi Juni huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini, na hata wakati huo likifika kilele liko nyuzi 66 na nusu kutoka upeo wa macho. (Kilele chenyewe huku kwetu si saa sita kamili. Kwa kuwa tuko magharibi ya nchi, jua hufika juu kati ya saa sita na nusu na saa saba hivi.) Kwa pembe hiyo, upenu unaotokeza mita 1 hutupa kivuli cha mita 2.3 ukutani. Ukitokeza mita 1.2, kivuli kinafika karibu mita 2.8, yaani dirisha lote limefunikwa.

Jua la juu basi ni rahisi kulizuia. Adui ni jua la chini, la saa mbili asubuhi na la saa kumi na moja jioni, linalokuja kwa ubavu kutoka mashariki na magharibi. Upenu hauwezi kulizuia. Ndiyo maana jengo refu lielekezwe hivi: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi mashariki na magharibi. Kwenye kuta fupi usiweke dirisha. Weka stoo, vyoo, ngazi au ukuta mnene wa mawe. Mwezi Juni jua la alasiri huchungulia pia ukuta wa kaskazini kwa mshazari, kwa hiyo kati ya madirisha ya upande huo jenga mabawa ya ukuta yanayotokeza sentimita 40 hadi 60.

Upepo sasa. Maseno na Seme tuna bahati: ziwa liko kusini, upepo wa mchana unaingia kwenye ukuta mrefu bila kulazimishwa. Homa Bay ziwa liko kaskazini, bahati ile ile kwa upande wa pili. Kisumu mjini na Kano ni kazi zaidi, maana ziwa liko magharibi, upande wa jua kali. Usidanganyike ukafungua madirisha magharibi kwa kufuata upepo. Acha jengo lielekee kaskazini na kusini, kisha tumia mabawa ya ukuta na miti kuukamata upepo na kuupindisha uingie.

Ndani, upana wa chumba usizidi mara tano ya urefu wake kwenda juu, la sivyo hewa inachoka kabla ya kuvuka. Ukumbi wa upana wa mita 8 wenye dari ya mita 3.5 hauna shida. Tundu za kuingizia upepo ziwe chini, usawa wa aliyeketi, na za kutolea ziwe juu upande wa pili, nazo zisiwe ndogo kuliko za kuingilia.

Halafu mbu. Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine zote za Kenya, na mbu wa malaria hupenda kuingilia uwazi ulioko chini ya paa, juu ya ukuta. Maktaba inayotumika hadi saa mbili usiku lazima iwe na wavu kila tundu, wa juu na wa chini. Wavu hupunguza upepo sana. Dawa yake ni kupanua tundu, na wavu ubaki.

Hatua ya 5: Chimba, pima udongo, uchague ukuta

Chimba mashimo matatu ya kina cha mita moja na nusu hadi mbili, kwenye pembe za jengo na katikati. Yaache wazi siku mbili, uone kama maji yanachimbuka. Tenga udongo wa juu wenye rutuba uupeleke bustanini.

Udongo mweusi wa Kano, ule unaonata kwenye buti wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi, huvimba na kusinyaa kila mwaka. Jengo likiwekwa juu yake kwa msingi wa kawaida litapasuka. Ama uuchimbe wote uweke moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa, ama usimame juu ya nguzo, ama zege lote la chini liwe bamba moja lenye nondo. Hapo mhandisi ndiye wa kuamua, na asiwe wa kukisia.

Udongo mwekundu wa Maseno, Vihiga na Kakamega una habari njema. Unaweza kutoa matofali ya kukandamizwa kwa mashine, yenye saruji kidogo, yanayofungamana bila chokaa nyingi katikati. Nayapendelea kuliko tofali la kuchoma kwa sababu moja kubwa. Pita barabara yoyote ya Kakamega uone matanuri: kila tanuri lina rundo la magogo kando yake, na magogo hayo yametoka kwenye mashamba na misitu ambayo tayari imepungua. Saruji nayo si malaika, kwani viwanda vyake duniani hutoa asilimia 7 hadi 8 hivi ya hewa ukaa yote inayotokana na binadamu. Kwa hiyo tuitumie kwa kijiko.

Kiasi gani? Kipimo hiki hakihitaji maabara. Anza na chupa ya kioo: jaza udongo theluthi moja, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha siku nzima. Mchanga utakaa chini, tope laini juu. Ukiona mfinyanzi umezidi theluthi ya udongo wote, changanya na mchanga.

Kisha tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4 kwa ndani. Kipake mafuta, kijaze udongo uliolowa sawasawa, kiache juani siku tatu au kivulini wiki moja. Udongo ukikauka husinyaa. Usukume wote upande mmoja, upime pengo lililobaki. Pengo likiwa chini ya sentimita 1.5 tumia saruji sehemu 1 kwa udongo sehemu 18. Kati ya 1.5 na 3, tumia 1 kwa 16. Kati ya 3 na 4.5, 1 kwa 14. Kati ya 4.5 na 6, 1 kwa 12. Likizidi 6, udongo huo haufai bila kuongezwa mchanga.

Tofali likitoka kwenye mashine bado ni kitoto. Linahitaji kuwekwa kivulini, kufunikwa kwa karatasi ya plastiki au majani ya migomba, na kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Kulijengea kungoje siku 28. Nimeona kazi moja ambapo mkandarasi alikuwa na haraka akayaacha juani siku ya pili. Ukiyasugua kwa kidole kona zilikuwa zinadondoka kama biskuti, na matofali elfu mbili yakarudi kuwa udongo. Kwenye maktaba ya mfano wetu kikundi cha akina mama kililipwa kwa kazi hiyo ya kumwagilia tu, na hakuna tofali lililoharibika.

Mawe ya kiwanja yatumike chini: msingi, kuta za kuzuia udongo kwenye mteremko, ngazi, mabenchi. Ukitaka kujua mawe yanaweza nini, nenda Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori. Ni ngome za mawe makavu, bila tope wala saruji, zenye umri wa takriban miaka 500, kuta za mita 1.5 hadi 4.5 kwenda juu, na mwaka 2018 ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Simama ukutani uangalie kwa karibu: jiwe kubwa limekaa nje, madogo yamejaza katikati, na hakuna kiungo cha juu kilichokaa sambamba na cha chini. Fundi wa ukuta wa kuzuia udongo afundishwe hivyo hivyo. Ukuta usiotiwa saruji una faida nyingine kwenye mteremko wa mvua nyingi: maji hupenya kati ya mawe, hayajikusanyi nyuma na kuusukuma.

Ukuta wa matofali ya udongo unyanyuliwe juu ya mawe angalau sentimita 45 kutoka ardhini, maana matone yanayoruka kutoka chini hula ukuta kuliko mvua yenyewe. Juu ya msingi weka karatasi ya kuzuia unyevu, na kinga ya mchwa.

Hatua ya 6: Paa mbili, hewa katikati

Mabati hayakwepeki, na sina ugomvi nayo. Ni mepesi, yanavuna maji safi. Lakini bati likikaa moja kwa moja juu ya kichwa, mchana ni jiko na mvua ikinyesha hakuna anayesikika.

Suluhisho ni kutenganisha paa na dari. Diébédo Francis Kéré, msanifu wa Burkina Faso aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alifanya hivyo kwenye shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando: bati limeinuliwa juu ya dari ya udongo, hewa moto ikapata njia ya kutoka. Hapa Kenya kazi yake iko Turkana, chuo cha Startup Lions, chenye minara ya kutolea hewa iliyofuata mfano wa vichuguu vya mchwa wa nchi ile. Pale Turkana kichuguu kina maana kwa sababu kipo kila upande. Kwetu tuna mafunjo.

Dari yetu ni mikeka ya mafunjo iliyobanwa kwa mianzi, na kati yake na bati pana uwazi wa sentimita 40, wazi pande zote mbili ndefu lakini wenye wavu. Nunua kwa wavunaji wanaokata shina na kuacha mzizi uchipuke, kwa sababu kinamasi kama cha Dunga pale Kisumu kimeminywa vya kutosha na ndicho kinachochuja maji na kuzalisha samaki. Mikeka itibiwe dhidi ya wadudu, na nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba mbali nayo. Itachakaa. Ipangiwe kubadilishwa kipande kwa kipande, kazi ambayo msusi wa kijijini anaiweza.

Bati liwe geji 28. Geji 30 ni jembamba zaidi, ingawa namba yake ni kubwa, na wauzaji hawatakukumbusha. Mwinamo nyuzi 15 hadi 20. Kenchi za mbao ya saipresi iliyotibiwa, zifungwe kwa vyuma hadi kwenye ukuta wa mawe, kwa sababu upenu mrefu ni tanga mbele ya upepo wa dhoruba.

Kisii na Kakamega radi hupiga mno. Jengo la umma litajaa watoto siku ya mvua, hivyo kizuia radi si cha kukatwa bajeti inapobana: mshipi wa shaba kutoka paa hadi ardhini, na mabati yote yaunganishwe nao na mtaalamu.

Hatua ya 7: Maji

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kisumu hupata kama milimita 1,300 kwa mwaka, na Kakamega karibu 2,000. Chukua ya chini: paa la mita 300, mara 1,300, ukiondoa asilimia 20 inayopotea, ni lita 312,000 kwa mwaka. Matumizi ya lita 1,000 kwa siku katika kiangazi cha siku 60 yanahitaji tangi la lita 60,000. Gawa matangi mawili ili moja likisafishwa lingine lifanye kazi, yajengwe upande wa magharibi, yakinge ukuta na jua la alasiri.

Maji ya kwanza ya kila mvua yana vumbi na kinyesi cha ndege. Weka bomba la kuyatenga, lita 300 kwa paa hili. Matundu yote ya tangi yawe na wavu. Maji yanayofurika yaongozwe kwenye mitaro ya kukinga mteremko hadi migomba. Choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisima au chemchemi, na kiwe upande wa chini.

Hatua ya 8: Kila mtu aingie

Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma. Kwenye mteremko hili halifanyiki mwishoni. Njia ya kiti cha magurudumu inapanda mita 1 kwa kila mita 12, kwa hiyo sakafu iliyo juu kwa sentimita 60 inataka njia ya mita 7.2. Chora njia hiyo kabla ya ngazi, ipite mbele ya watu wote na si nyuma ya jikoni. Milango iwe na uwazi wa sentimita 90.

Taa na kompyuta za maktaba zinaweza kuendeshwa kwa sola. Paneli ziegemee kidogo tu ili mvua izioshe, maana kwenye ikweta karibu upande wowote unafaa.

Hatua ya 9: Vibali, kisha mafundi

Ramani itiwe sahihi na msanifu na mhandisi waliosajiliwa, ipite kwa kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na suala la mazingira lipelekwe mapema NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Haya yanachukua muda. Utumie muda huo kukausha matofali ya majaribio.

Kabla ya kuanza, jenga ukuta wa mfano wa mita mbili kwa mbili hapo hapo saiti: msingi wa mawe, matofali, dirisha, kipande cha upenu. Mafundi wote waujenge kwa zamu, wakosee hapo. Uache mvua moja kubwa iupige. Kila ubishi utakaozuka baadaye utaamuliwa kwa kwenda kuutazama.

Hatua ya 10: Mwaka wa kwanza

Jengo likifunguliwa, mpe mtunza wake daftari na vipimajoto viwili, kimoja ndani ya ukumbi, kingine kwenye shina la mwembe. Asome vyote viwili saa nane mchana, kila siku. Aandike pia siku bati lilipovuja, mfereji wa paa ulipoziba, dirisha gani watu hulifunga na kwa nini.

Ndani kukizidi nje kwa joto, anza na uwazi wa juu ya dari. Mara nyingi ndege wamejenga viota au vumbi limeziba wavu, na ufagio mrefu unatosha. Kama uko safi, tazama tundu za upande wa pili: huenda kabati la vitabu limesukumwa mbele yake. Ukuta wa magharibi ukiwa wa moto hadi usiku, panda pasheni kwenye seng'enge sentimita 30 kutoka ukutani, na ndani ya mwaka mmoja utakuwa umefunikwa. Daftari likijaa lipelekwe kwa aliyechora ramani, alisome kabla ya kushika kalamu kwa kiwanja kingine.